Naomba ushauri: kanga ya kumbukumbu ya baba

Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu, mchoraji wa kanga hapa Tanga, ametangulia mbele ya haki. Alipenda kupanda hadi Amani, kwenye milima ya Usambara, kutazama maua ya Usambara, yale ya zambarau yenye majani ya vinyweleo, na sisi wanawe tulijua majina ya miti kabla ya herufi.

Kwenye arobaini tunataka kugawa kanga yenye michoro yake, pindo (ukingo wa pembeni) na mji (sehemu ya katikati). Jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, ndilo linatushinda: mama anataka dua, mimi nataka neno la furaha, maana baba alikuwa mtu wa kucheka. Mngeandika nini?

Pia karatasi zake zimeshikana kwa unyevu. Nizibandueje bila kuharibu wino? Mwenye uzoefu anisaidie, sijazigusa bado.