Gurudumu la gari la jeshi limelegea: je, pete ya chuma ivuliwe?

Swali

Ndugu mafundi, hapa Uingereza ninashiriki kutunza gari la mizigo la kukokotwa na farasi, lililotumiwa na jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Kila gurudumu lina spoki 12 za mwaloni na duara la vipande 6 vya mti wa ashi, kila kipande kikipokea spoki mbili, na vyote vimebanwa kwa pete ya chuma. Baada ya miaka mingi katika banda kavu, pete imelegea kiasi kwamba ukucha unapita kati yake na mbao, na baadhi ya spoki zinacheza zikitikiswa. Mwenzangu anashauri tuyalaze magurudumu bwawani hadi mbao zivimbe. Je, tufanye hivyo, au pete ivuliwe na kukazwa upya?

Jibu la 1

Ndugu yangu, nakusihi msiyatie majini. Mbao zikivimba huku zimezuiwa na chuma, nyuzi zake hupondeka, na zikikauka hubaki zimesinyaa kuliko awali, kwa hiyo pete italegea zaidi. Jahazi likishushwa majini mbao zake hujibana vizuri, lakini jahazi hukaa huko huko majini, ilhali gari lenu litarudi bandani. Waendesha magari wa zamani waliyalowesha magurudumu ili tu wamalize safari.

La kuamua kwanza ni kama gari litatembea. Ikiwa ni la kutazamwa tu, inueni ekseli juu ya vigingi imara ili magurudumu yasibebe uzito, kisha pete iacheni ilivyo.

Jibu la 2

Naunga mkono, ila likikokotwa na farasi hakuna njia ya mkato: pete ivuliwe, ipunguzwe na kuunganishwa upya, kwa sababu spoki inayocheza huendelea kula tundu lake kwenye kitovu. Gurudumu la kipenyo cha mita 1.4 lina mzingo wa takriban mita 4.4; pete yake ikipata joto la nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka kama sentimita 2.5, ikavishwa, kisha humwagiwa maji upesi kabla haijaunguza mbao.

Chunguzeni pia viungo vya duara. Vipande vikigusana kabla mabega ya spoki (sehemu pana inapoanzia ncha inayoingia kwenye duara) hayajakaa sawasawa, nguvu yote ya pete huishia kwenye duara na spoki hubaki zimelegea hata chuma kikibana namna gani. Ndiyo maana fundi huacha mwanya mdogo, ili pete iufunge inapopoa. Akiminya kupita kiasi, spoki huinama na gurudumu hubonyea kuliko lilivyokusudiwa.

Jibu la 3

Kabla ya yote hayo, pigeni picha na kukipa kila kipande namba. Msikwangue rangi: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Isitoshe, chini ya rangi hiyo mnaweza kukuta alama ya mshale mpana, iliyogongwa kwenye mali ya jeshi la Uingereza, na ikikwanguliwa hairudishwi. Mimi ningebadilisha tu spoki iliyooza, hata kama mpya zote zingependeza zaidi.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Gari letu halitakokotwa tena, hivyo tutaliweka juu ya vigingi, na pete hatutaivua.