Laptopu inaandikwa "grafiki 4GB" kumbe inakopa kwenye RAM: tunaibiwa au tunajitakia?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua laptopu ya mtumba wa Uingereza, Core i5-1135G7, RAM 8GB, SSD 256. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo ilisema "Iris Xe, grafiki 4GB". Nafika nyumbani nafungua Task Manager, imeandikwa UHD Graphics, jina la grafiki za Intel za kawaida. Neno Iris sijaliona popote. Nikaandika dxdiag, ile programu ya Windows inayoonyesha vifaa vya mashine: ya kwake ni 128MB, nyingine karibu 4GB ni za kuchangia na RAM. Nimerudi dukani naambiwa "ndiyo hizo hizo bosi". Wauzaji wa namna hii wanaruhusiwa kweli, au ni utapeli?

Fundi Spana
Hujaibiwa, tuliza moyo. Fungua kifuniko cha chini, utakuta RAM moja ya 8 na sloti ya pili iko wazi. Prosesa yako ni kizazi cha 11, na Intel wenyewe wameweka sharti: jina Iris Xe, yaani grafiki yao ya ndani, linatokea RAM zikifanya kazi kwa chaneli mbili, njia mbili kwa pamoja. Ikiwa moja, draiva inasoma UHD. Prosesa ni ile ile, EU zako 80, vile vitengo vya kuchora picha, zipo (i7 ndiyo ina 96). Ila grafiki ya ndani haina RAM yake, hata hizo 128MB zimekatwa kwenye RAM ya mashine. RAM moja ya kasi ya 3200 inapitisha 25.6GB kwa sekunde, mbili zinapitisha 51.2. Sasa hivi hizo EU 80 zinapanga foleni mlango mmoja na prosesa. Ongeza RAM, jina litarudi lenyewe.

Wakili Njaa
"Hujaibiwa" umeitoa wapi? Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, kumpotosha mlaji ni kosa na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Ukiandika "4GB" mnunuzi anaelewa ni mali yake. Ni sawa na kumpangisha mtu vyumba vinne, anahamia anakuta viwili analala mwenye nyumba.

Fundi Spana
Wakili, mimi nimejibu habari ya jina Iris. Habari ya 4GB sijaigusa. Soma kwanza ndiyo ushtaki.

Mzee wa Magomeni
Nyie vijana bwana. Word inafunguka? Excel inafunguka? Mtu mzima akianza kulilia grafiki ujue ni FIFA hiyo. Una miaka thelathini na kitu, unakesha na pedi mkononi, kodi hujalipa.

Saba Mgongoni
Mzee, shikamoo, lakini umevuka mpaka. Kodi yangu unailipa wewe? Nacheza FIFA na nyumba nimejenga. Kuna wanaoshinda kijiweni wanacheza bao toka asubuhi, hao hamuwasemi.

Mzee wa Magomeni
Marahaba. Bao linatumia akili.

Saba Mgongoni
Na FIFA inatumia nini, magoti? Halafu FIFA yenyewe iliishia ya 23, siku hizi inaitwa FC. Hata unachokitukana hukijui.

Mama Wawili
Wangu anacheza sebuleni, nasikia anavyomtukana refa wa kwenye kioo. Mimi sina neno, angalau najua alipo. Mwacheni kaka wa watu acheze.

Kijana wa Mbagala
Samahani wazee wangu, FIFA nimeitaja wapi? Nasoma usanifu majengo. Nataka ArchiCAD, programu ya kuchorea majengo, isikwame nikizungusha jengo la ghorofa.

Ryzen Damu
Ungechukua Ryzen, prosesa ya AMD, usingekuja kulia hapa. Ryzen 5 2500U ya 2017 tu ina grafiki ya ndani ya Vega 8, Intel wakati huo walikuwa wanauza nini?

Fundi Spana
UHD 620, EU 24. Hapo nakupa. Ila Vega 8 yako iweke RAM moja uone. Nimezifungua nyingi hapa mezani, mwenye nayo anasema "Ryzen imechoka", nachomeka RAM ya pili anadhani nimebadilisha prosesa.

Ryzen Damu
Kwa hiyo unasema "nakupa", halafu unageuka. Mafundi wa Intel mna shida.

Boss wa Nairobi
Huku kwetu nimeona HD 620, grafiki ya ndani ya Intel, imeandikwa "graphics 8GB" kwa sababu tu mashine ina RAM 16! Windows inaruhusu grafiki ya ndani kukopa hadi nusu ya RAM, basi muuzaji anageuza nusu hiyo kuwa bei. Tena HD 520 ya 2015, HD 620 ya 2016, UHD 620 ya 2017, zote EU 24. Ile ya mwisho wakaongeza herufi U wakatuuzia upya. Kama ni kushtaki, anzieni juu, kwa Intel.

Wakili Njaa
Wa juu ameandika masharti yake wazi. Wa dukani ameandika 4GB. Hao si watu wa kuwekwa kapu moja.

Saba Mgongoni
Turudi kwa mzee. Bado hajasema bao linatofautianaje na FIFA.

Mzee wa Magomeni
Bao halihitaji umeme.

Mama Wawili
Hapo mzee kafunga.

Fundi Spana
Kijana, kwa ArchiCAD miradi midogo itakwenda ukishaweka RAM mbili. Lumion, ile ya kutengeneza picha halisi za jengo, usijaribu, hiyo inataka kadi yenye RAM yake. Ila video utafurahi, Quick Sync ya hapo, sehemu ya Intel ya kuchakata video, inatoa video za H.265 haraka, na za AV1 inazicheza bila kuwasha feni kama ndege.

Kijana wa Mbagala
Shukrani fundi. Mwenye RAM ya 8 DDR4 ya laptopu anishtue.

Saba Mgongoni
Ninayo, niko Tabata. Ni ya 2400.

Ryzen Damu
Usichukue, ukichanganya na 3200 zote mbili zinashuka 2400.

Fundi Spana
Chukua. Mbili za 2400 zinapitisha 38.4, moja ya 3200 inapitisha 25.6. Kwa grafiki bado umepata.

Kijana wa Mbagala
Bei gani kaka?

Saba Mgongoni
Njoo pembeni tuongee. Mzee wa Magomeni asijue.