Mama na binti mezani bila mwanaume: je, migahawa ya Mbeya inawatambua kama wateja?

Binti wa Forest Mpya

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Kila mshahara unapoingia humchukua mama yangu tukala chakula cha jioni katika mgahawa mmojawapo wa hapa Mbeya, sisi wawili tu. Mwezi Juni tuliingia katika mgahawa wa katikati ya jiji, ambao sitautaja, tukaketi meza ya dirishani. Mhudumu alituamkia vizuri, kisha akauliza kama baba yuko njiani. Tulipomwambia kwamba hatumsubiri mtu, alituomba tuhamie meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kwa maelezo kwamba ile ya mbele ni ya wateja wenye oda kubwa. Mlango ule ulifunguliwa kila mkaa ulipofuatwa nje, na wote mnaijua baridi ya Juni ya mji huu. Mama alikula akiwa amejitanda khanga kichwani. Wakati wa kulipa, bili ilipelekwa kwa mwanaume wa makamo aliyeketi meza ya jirani, ambaye hatumfahamu na ambaye naye alibaki ameduwaa. Ninauliza hivi: migahawa yetu ina wajibu wa kumpokea mama na binti yake kama wateja kamili, au kula nje jioni bado ni kwa wanaume na wale walioandamana nao?

Mzee wa Ilomba

Pole kwa hiyo bili, binti yangu; hilo ni kosa na halina mjadala. Hata hivyo, unatuuliza kuhusu meza kabla hujatueleza kwa nini mama mwenye jiko lake anakwenda kutafuta chakula mjini usiku. Kwetu Rungwe, binti akianza kupata kipato alirudi kwa mama yake na mchele, sukari na kitenge, akaingia jikoni, akampikia, mama akakaa kivulini akipokea wageni. Mama aliyemfundisha binti yake kupika hana haja ya kupelekwa hotelini. Tena Sheria ya Ndoa, ile ya mwaka 1971 kama kumbukumbu yangu ni nzuri, imempa mume jukumu la chakula cha mke wake. Baba yako yuko wapi katika habari hii?

Binti wa Forest Mpya

Shikamoo mzee wangu. Habari za baba nitaziacha, kwa sababu ni za nyumbani kwetu. La kupika ndilo lililonichoma, na nitalijibu. Ndizi za Tukuyu ninazimenya mwenyewe, ninazipika na nyama mpaka mchuzi unashikana, na mama yangu anazila bila kuongeza chumvi. Nimempikia mara nyingi. Kila ninapompikia haketi kivulini kama ulivyosema: anaingia jikoni, anafunua sufuria, anapunguza moto, anaosha vyombo ambavyo nimemwomba aviache, na mwishowe anapakulia watu wote kabla hajajipakulia yeye. Nyumbani mama hawezi kuwa mgeni. Mahali pekee nilipowahi kumwona ameketi tangu chakula kinaletwa mpaka sahani zinaondolewa ni mgahawani, na hata huko, siku ya kwanza, alizipanga sahani zetu moja juu ya nyingine na kuanza kuifuta meza kwa kiganja mpaka mhudumu akamwambia, "Mama, acha, hiyo ni kazi yangu."

Mama lishe wa Kabwe

Mimi nimeumia kwa neno la mzee la "kutafuta chakula mjini", kana kwamba tunaopika mjini tunawapa watu kitu kisicho na heshima. Benchi langu hupokea akina mama wakitoka sokoni Mwanjelwa na mabinti zao, mmoja amebeba viazi, mwingine amebeba mtoto. Ninawamiminia maji ya kunawa, ninawauliza watakula wali au ugali, basi. Sijawahi kumuuliza mwanamke yeyote mume wake yuko wapi, kwa sababu fedha yake haina jinsia. Na wewe mwanangu wa Forest Mpya, nakuuliza kwa upendo: kwa nini unapotaja migahawa hutuhesabu sisi? Wali wangu ni wa Kyela, maharage yangu yameungwa, na ungeketi popote ulipotaka.

Mhudumu wa zamani, Mafiati

Nilihudumia meza kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba niseme jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili wa kaunta. Mwenye mali hupiga hesabu ya mauzo kwa kila meza kabla ya kufunga. Meza za mbele huwekwa kwa watu watakaoagiza nyama choma kwa kilo na vinywaji vinavyofuatana, kwa sababu huko ndiko kwenye faida; sahani ya wali haimlipii mtu kodi ya pango. Mama na binti huagiza sahani mbili na chai, hukaa saa mbili wakizungumza, na mhudumu ndiye anayeulizwa kwa nini meza imelala. Yule kijana hakuwadharau ninyi, alikuwa anailinda ajira yake. Kuhusu bili sitamtetea.

Binti wa Forest Mpya

Hizo saa mbili umezitoa wapi, kaka yangu? Tuliingia saa kumi na mbili na nusu jioni, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuliitazama tukiwa nyumbani, tumeshafika, mama ameshavua viatu. Mnapenda kusema kwamba wanawake wakikutana hawamalizi mazungumzo, halafu mnaligeuza hilo kuwa kanuni ya biashara.

Mwanafunzi wa sheria, Njombe

Kamwene wote. Mzee ameukumbuka vyema mwaka wa sheria. Kifungu anachokitafuta ni cha 63, kinachomtaka mume ampatie mke malazi, mavazi na chakula kwa kiasi kinacholingana na uwezo na hadhi yake. Kifungu hicho hakisemi chakula kiliwe wapi, wala hakimzuii binti kumlisha mama yake. Kwa upande mwingine, wanaotaka kukimbilia Katiba wawe waangalifu. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo, lakini makatazo yake yameelekezwa hasa kwa wanaotekeleza madaraka ya kisheria na shughuli za mamlaka ya nchi. Mwenye mgahawa binafsi aliyekuhamisha meza hutamfikia kwa njia hiyo kirahisi. Utamfikia kwa kuacha kula kwake na kuwaambia wenzako.

Mama wa Mafinga

Nimesoma na nimejizuia, lakini mzee anaongea kuhusu akina mama kama vile hatupo hapa. Mimi ni mama, nina binti anayefanya kazi Iringa, na huwa ananipeleka kula. Tangu niolewe nimepika kuku wengi ambao siwezi kuwahesabu, na katika hao wote nilikula shingo, mgongo na miguu, tena chakula kikiwa kimepoa, kwa sababu ndivyo nilivyomwona mama yangu akifanya. Siku binti yangu aliponipeleka, mhudumu aliniuliza ninapenda kipande gani, na nilikosa jibu. Si kwamba niliona haya. Sikuwa na jibu, kwani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Binti yangu aliagiza kuku mzima wa kienyeji, na alipoletwa nikachukua firigisi, nikaila, na nilimaliza kila kilichokuwa sahanini pangu kikiwa bado cha moto.

Mzee wa Ilomba

Mama wa Mafinga, nakuheshimu, lakini hapo umetoka kwenye meza na kuingia kwenye misingi ya nyumba. Firigisi ya kuku ni ya baba au ya mgeni wa heshima, na utaratibu huo hatukuutunga sisi. Ni alama kwamba nyumba ina mkuu wake. Ukiwafundisha mabinti kwamba firigisi ni ya yeyote aliyewahi kunyoosha mkono, kesho watauliza ni nani anayetakiwa kuamkiwa kwanza.

Dereva wa Uyole

Mzee yuko sahihi kwa kuku aliyechinjwa nyumbani. Kuku wa mgahawani amelipiwa na binti, kwa hiyo mwenye nyumba mezani pale ni binti, na yeye akamtambua mgeni wake wa heshima. Kwa kanuni hiyo hiyo ya mzee, firigisi ilifika mahali pake.

Mzee wa Ilomba

Huko ni kucheza na maneno, kijana. Fedha haimfanyi mtu kuwa mkuu wa kaya.

Mama lishe wa Kabwe

Baba yangu, kwangu firigisi nauza bei yake peke yake, na wanaume wanaoinunua hawaulizi kwanza kama wao ni wakuu wa kaya. Inaliwa na mwenye hamu.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Naomba tuliache tumbo la kuku kwa muda. Hapa Iringa tuna mgahawa wa Neema Crafts, uliotokana na kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wahudumu wake ni viziwi; unaandika unachotaka kwenye karatasi na unaletewa. Nimekaa pale na mama yangu, tukaandika oda yetu, tukala, tukalipa, na hakuna aliyetaka kujua kama tunamsubiri mwanaume. Karatasi iliuliza chakula tu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba haiwezekani katika nyanda hizi.

Mzee wa Ilomba

Iringa mna watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha, na mahali pa namna hiyo pamezoea wageni. Msiipime Mbeya kwa kipimo hicho.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Mzee, mama yangu si mtalii. Ametoka Kilolo na kikapu chake, na anazungumza Kihehe kuliko Kiswahili. Kama heshima ile imewekwa kwa ajili ya wageni tu, basi nieleze ilimfikiaje yeye. Na Mbeya ninyi mko kwenye barabara kuu ya Zambia na kwenye reli ya TAZARA, wageni wanapita kwenu tangu miaka ya sabini. Msijifiche nyuma ya ugeni.

Dereva wa Uyole

Hilo la barabara nakubaliana nalo kabisa. Ninakula njiani kila siku, Makambako, Igawa, Chimala, na hakuna mhudumu aliyewahi kuniuliza mke wangu yuko wapi ninapoketi peke yangu. Sijui kwa nini mwanamke aulizwe.

Mama wa Mafinga

Narudi kwa mzee, kwa sababu sijamaliza. Umesema firigisi ni alama ya mkuu wa nyumba. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, nikawalea, nikawasomesha kwa vitunguu na mbao. Katika miaka ile yote firigisi nilimpa mwanangu wa kiume aliyekuwa darasa la pili, kwa sababu niliambiwa yeye ndiye mwanaume wa nyumba. Niambie, mzee, mkuu wa kaya ile alikuwa nani?

Mzee wa Ilomba

Pole kwa msiba, mama yangu. Nyumba ya mjane ina taratibu zake, na kwa hali hiyo sina neno la kukupinga. Mimi nilizungumzia nyumba yenye baba.

Binti wa Forest Mpya

Nawashukuru nyote, na mama lishe wa Kabwe nakuahidi kwamba tutafika, kwa kuwa swali lako lilikuwa la haki na sina utetezi wowote. Lakini tumezungumza kuhusu kuku mpaka meza imesahaulika. Mhudumu wa zamani ndiye aliyegusa kiini cha jambo, nami nilimjibu kuhusu saa peke yake. Amesema kwamba kilichotuhamisha ni ukubwa wa oda wala si jinsia yetu. Sasa naomba anijibu waziwazi: yule mhudumu alituhamisha kabla hatujaagiza chochote, hata chai. Aliujuaje ukubwa wa oda yetu? Na kama mwenye mali ana kiwango chake cha meza ya dirishani, kiandikwe mlangoni kwa shilingi, ili niingie na mama yangu nikiwa nimeshakihesabu.