Naomba ushauri: kuhama Lightroom Classic kwenda darktable kwa picha za harusi

Habari za leo wakuu. Naombeni msaada wa kuchagua programu ya kuhariri picha.

Napiga harusi kwa Nikon D750, faili za RAW (picha ghafi za kamera) za biti 14, mara nyingi picha zaidi ya 800 kwa shughuli moja. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na SSD, lakini haina kadi ya michoro inayojitegemea. Natumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha, na sitaki tena kulipia kila mwezi.

Nimejaribu darktable, programu ya bure ya kazi hiyohiyo. Rangi ya ngozi nyeusi chini ya taa za njano za ukumbini inatoka vizuri sana, na hilo kwangu ndilo kubwa. Kinachonikwamisha ni picha za ISO 6400 (zilizopigwa kwenye mwanga hafifu, zenye chenga nyingi): nikishawasha kipengele cha kuondoa chenga, kila nikisogeza kitelezi nasubiri. Sasa nakiwasha mwishoni kabisa, kabla ya kutoa JPEG. Afadhali kidogo, ila kwa picha nyingi bado ni kazi.

Kuhusu kazi za zamani, ndani ya Lightroom nilihifadhi metadata (taarifa za picha na marekebisho yake) kwenye faili ndogo za pembeni za XMP kwa Ctrl+S, kisha nikazifungua kwenye darktable. Nyota, lebo na ukataji vilihamia. Marekebisho ya brashi, yaani ya sehemu tu ya picha, hayakuhamia. Nikitaka kuyatunza kwa kutoa picha zilizokamilika kama TIFF za biti 16, ni takriban MB 145 kwa picha moja, diski haitoshi.

Maswali yangu:

Nikiongeza RAM hadi GB 16 kasi itabadilika, au bila kadi ya michoro ni bure tu?

Na mliohama, kazi zenye brashi mlizihifadhije?

Natanguliza shukrani.