Naomba ushauri: gliserini ya tangawizi mbichi inachacha

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko Mwanga, Kigoma. Natengeneza dawa za matone zisizo na pombe kwa gliserini ya mimea, ile ya kuliwa.

Mchaichai mkavu haunisumbui kabisa: gramu 100 kwa mililita 500, gliserini sehemu 3, maji yaliyochemshwa sehemu 1, wiki 4, nachuja.

Shida ni tangawizi mbichi. Nakwangua gramu 400, namimina gliserini mililita 400 bila maji. Wiki ya pili mapovu madogo yanatokea juu tu, pale makapi yanapoelea, na ukifungua kifuniko hewa inatoka na harufu ya uchachu. Chini ya chupa pako safi.

Gliserini yenyewe nimeipima: mililita 100 zina gramu 125, kwa hiyo haijachakachuliwa kwa maji. Ila tangawizi ni maji karibu asilimia 80, yaani mililita 320 hivi, na gliserini inashuka hadi kama asilimia 55. Nahisi juisi, kwa kuwa ni nyepesi, inabaki juu na huko kiwango cha gliserini kinashuka zaidi. Kutikisa asubuhi na jioni hakujasaidia. Makapi yanarudi juu.

Naombeni mnisaidie:

Ninyaushe tangawizi kivulini hadi ibaki nusu ya uzito, au niongeze gliserini? Naogopa kupoteza ule ukali wake, ndio wateja wanaoutaka.

Na je, kuweka chupa kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa siku ya kwanza kunazuia uchachu, au kunauchelewesha tu?