Naomba ushauri: tunarudi shule tuliyosoma, tunataka kuacha tenki la maji

Habari zenu wakuu. Tuliomaliza darasa la saba pamoja, shule ya msingi ya serikali huku Morogoro vijijini, tunarudi kuwaona walimu, kukumbushana ya zamani chini ya mwembe na kuacha kitu. Barua imeshafika kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata. Septemba tumeikwepa sababu ya mtihani wa darasa la saba. Pilau halina mjadala.

Mjadala ni tenki la lita 5,000 la kuvuna mvua. Paa la madarasa mawili ni kama mita za mraba 120, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inatoa lita 2,400. Ukiondoa zinazopotea, zinabaki kama 2,000. Hesabu inakubali. Shida ni kitako. Tenki likijaa ni tani 5, na udongo wa pale ni mfinyanzi: masika unavimba, kiangazi unapasuka. Kitako kikizama upande mmoja, bomba linavutwa na maungio ya koki yanaanza kuvuja. Mawe chini, juu zege la sentimita 15 lenye nondo, vinatosha? Msingi tuchimbe hadi wapi?

Halafu gata, ule mfereji wa pembeni mwa paa. Wavu unazuia majani ya mwembe, sio vumbi na kinyesi cha ndege. Aliyewahi kufunga bomba la kumwagia nje maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha uchafu wa paa, alitumia la inchi ngapi, na nani hulifungua baada ya kila mvua?

Michango nayo inaingia kwenye simu ya mtu mmoja, watu wameanza kununa. Nyie mlitunzaje?