Makusanyo ya maktaba ndani ya kozi: nakala, kiungo au LTI?

Mkutubi_Mpya: Wadau, habari zenu. Maktaba yetu ya kidijitali iko kwenye DSpace (programu ya kuhifadhi nyaraka), walimu wanafundishia Moodle (mfumo wa kozi za mtandaoni). Mwanafunzi anahangaika huku na huku, mwisho anasoma tu kilichomo kwenye kozi. Tupakie PDF kwenye kozi, tuweke viungo, au tuunganishe mifumo kwa LTI (kiwango cha kuunganisha mfumo wa kozi na programu nyingine)? Mliojaribu, ipi inadumu?

Mwalimu_Historia: Nilianza na nakala. Muhula wa kwanza raha tupu. Baadaye maktaba ikasahihisha tarehe za picha za kale, nakala zangu zikabaki na makosa yaleyale katika kozi tatu. Niliumia, maana wanafunzi walishazinukuu. Halafu zipo leseni za majarida zinazokubali kiungo lakini zinakataza kupakia faili upya.

Fundi_Mifumo: Basi ni kiungo, ila usinakili ile anwani iliyo juu ya kivinjari. DSpace huweza kukipa kila kipengee anwani ya kudumu ya Handle, weka hiyo. Maktaba ikihamia seva nyingine, inarekebisha usajili wake wa Handle na viungo vya kwenye kozi haviguswi.

LTI 1.3, iliyotoka 2019, ni tamu zaidi. Mwalimu anatafuta akiwa humohumo Moodle, anachagua, kiungo kinakaa kwenye somo, na mwanafunzi anafungua bila nenosiri la pili. Shida ni kwamba upande wa maktaba lazima pawe na programu inayoielewa LTI, na mtu wa kuitunza kila mfumo unaposasishwa.

Mkutubi_Mkongwe: Na OAI-PMH msiichanganye na hizo. Inakusanya maelezo ya andiko (mwandishi, mwaka, mada), haileti faili lenyewe. Inafaa kujenga ukurasa wa utafutaji wa pamoja.

Mkutubi_Mpya: Asanteni sana. Mtaalamu wa kompyuta tunaye mmoja tu, kwa hiyo naanza na Handle kwenye kozi mbili. Na nyaraka zilizofungwa, za waliosajiliwa tu, je?

Fundi_Mifumo: Hapo uamuzi mzuri, mkuu. Za kufungiwa zitadai kuingia, kwa hiyo omba mifumo yote miwili itumie akaunti moja ya chuo. Kisha jaribu kila kiungo kwa akaunti ya mwanafunzi. Ya kwako ya ukutubi hufungua hata visivyomfungukia yeye.